Alama za vidole: kwa nini mashine inagoma kwa mkulima?

Tangu Mei 2019, Mtanzania anayesajili laini ya simu anatakiwa kuwa na namba ya NIDA na kuweka kidole. Kwa mkulima wa Kasulu au Kibondo aliyeshika jembe msimu mzima, shida inaanzia hapo: vidole havisomi.

Alama hizo ni mistari ya ngozi inayojitengeneza mtoto akiwa bado tumboni. Hata mapacha wa kufanana hutofautiana. Jembe hulainisha ngozi ya juu tu. Mistari inatokana na tabaka la chini, hivyo mikono ikipumzika wiki kadhaa, alama hurudi zilezile. Kwa haraka, nawa, kausha, jaribu kidole kingine. Katika kambi za Nyarugusu na Nduta, UNHCR imekuwa ikichukua pia picha ya mboni, kwa hiyo kidole kikigoma, jicho lipo.

Polisi wana kazi ngumu zaidi. Wanachokuta kwenye kitasa au glasi ni jasho na mafuta, mara nyingi kipande tu cha alama. Hunyunyiziwa unga laini, hupigwa picha, kisha mtaalamu hulinganisha mistari inapoishia na inapogawanyika. Ikifanana, mtu huyo aligusa pale. Aligusa lini, alama haisemi.