Maji ya Bamvua na Ndege ya 1931

Mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa hili: chombo hakiondoki saa unayotaka wewe, kinaondoka saa yanayotaka maji. Ukizubaa unapwelewa. Mashua inalala ubavu kwenye matope, na wewe unakaa pale kama mzigo, ukingoja bahari irudi. Hekima hiyo hiyo nataka tuibebe hadi kusini mwa Uingereza, Septemba 1931, wakati watu walipoingia kwenye mashua zao kwenda kutazama ndege zenye kasi kuliko zote duniani.

Mbio zenyewe ziliitwa Schneider Trophy. Mfaransa Jacques Schneider alitoa kombe hilo, na mbio za kwanza zikafanyika Monaco mwaka 1913. Ndoto yake ilikuwa ya amani kabisa: ndege za majini zibebe abiria na barua, bahari iwe uwanja wa ndege wa kila mtu. Sheria ilisema atakayeshinda mara 3 ndani ya miaka 5 achukue kombe moja kwa moja. Uingereza ilikuwa imeshinda Venice mwaka 1927 na nyumbani mwaka 1929. Ilibaki moja tu.

Uwanja ulikuwa Solent, mlango wa bahari kati ya bara na kisiwa cha Wight. Hebu tupange safari. Tuseme mashua yetu ya tanga iko kwenye kijito karibu na Southampton, na tunataka kutia nanga tuone vizuri upande wa Ryde, kisiwani. Ni zaidi ya kilomita 20. Kwa upepo wa kawaida hiyo ni safari ya saa tatu hivi, kama mkondo haujakugeukia.

Swali la kwanza la nahodha ni mwezi. Mwezi ulikuwa mwandamo tarehe 12 Septemba, siku yenyewe iliyopangwa kwa mbio. Kwa hivyo ni maji ya bamvua: yanajaa sana, yanakupwa sana. Solent, siku za bamvua, maji hujaa karibu na saa sita mchana na kukauka kuelekea jioni. Halafu Southampton ina maajabu yake. Maji yakishajaa hayashuki mara moja. Yanalegea kidogo, yanajaa tena, yaani yanakaa juu kwa saa mbili au zaidi. Kwa mtazamaji hiyo ni zawadi. Lakini deni linalipwa baadaye: yakianza kushuka yanakimbia, kwa sababu yanabaki na muda mfupi wa kutoka.

Kwa hivyo hesabu ni hii. Toka asubuhi, maji yakishatosha kuinua mashua kijitoni, hata kama mkondo unakupinga. Tazama ndege mchana. Usijaribu kuingia kijitoni jioni, utakuta matope matupu. Kula mkate wako huko nje, ngoja maji yageuke, kisha urudi nayo gizani.

Na baada ya kupiga hesabu zote hizo, Jumamosi tarehe 12 hali ya hewa ikakataa. Mbio zikaahirishwa hadi Jumapili. Kila mwenye mashua akarudi kwenye jedwali lake la maji, kwa sababu siku ikisonga moja, maji nayo husogea. Kwa wastani ni kama dakika 50. Mashine zile zilikuwa na injini ya Rolls-Royce yenye nguvu za farasi 2,300, lakini ziliruka na kutua majini, kwa hivyo zilisubiri bahari itulie kama ngalawa yoyote ya Lamu.

Jumapili mchana mshindani alikuwa mmoja tu. Italia na Ufaransa hazikuwa tayari. Waliomba muda wakanyimwa. John Boothman akapaa peke yake na ndege ya Supermarine S.6B, akazunguka mara 7 njia ya kilomita 50, kwa kasi ya wastani ya kilomita 547 kwa saa. Ukipiga hesabu, haifiki hata dakika 40. Wewe umetumia siku nzima na sehemu ya usiku kwa dakika hizo.

Kwani zilikuwa na thamani? Mwaka ule uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, na serikali ya Ramsay MacDonald ilikataa kugharamia timu. Tajiri mmoja, Lady Houston, akatoa pauni 100,000. Mwezi mmoja kabla ya mbio, rubani Brinton alikufa akifanya mazoezi kwenye maji hayo hayo, karibu na Calshot. Umati ulijua yote hayo, na bado ulishangilia.

Wasichojua ni walichokuwa wanatazama. Mbunifu wa ndege ile, R.J. Mitchell, ndiye aliyekuja kubuni Spitfire, ndege ya vita iliyoruka mara ya kwanza Machi 1936, hapo hapo jirani na Southampton. Septemba 1940, miaka 9 baada ya sherehe ile, mabomu ya Wajerumani yaliharibu kiwanda cha Supermarine kando ya mto wa mji huo. Bila shaka wengine waliouawa Southampton mwaka ule waliwahi kusimama ufukweni wakipunga vitambaa.

Na ndoto ya Schneider? Mwenyewe alikufa mwaka 1928, maskini. Lakini mwaka 1937 ndege-mashua za Imperial Airways zilianza kutoka Southampton na barua na abiria hadi Durban, zikitua njiani Kisumu na Mombasa. Zilibeba barua za himaya, ndiyo, na abiria wenye pesa zao. Mvuvi wa Mombasa aliyeinua macho kuitazama ikishuka hakuwa amelipia tiketi wala kupanga safari. Alikuwa kazini kwake tu, akisubiri maji yajae.