Xavier Le Pichon, mjuzi wa chini ya bahari aliyekana kitabu chake mwenyewe

Mara nyingi tunasifu wajuzi juu ya mambo waliyovumbua. Ni mara chache tunawasifu juu ya siku ile walipokubali kusema: «Nilikosa.» Lakini siku ya namna hiyo ni ngumu kuliko kuvumbua, hasa kama mtu amekwisha kuandika kosa lake katika kitabu, na wakubwa wamekwisha kumpa heshima juu ya kitabu hicho. Leo nataka kuwasimulia habari za Mfaransa Xavier Le Pichon, aliyekufa mwezi wa 3 wa mwaka 2025, mwenye miaka 87. Kazi yake ilikuwa kuchungua mawe na milima iliyo chini ya bahari kuu.

Alizaliwa mwaka 1937 katika inchi ya Vietnam, wakati Wafaransa walipoitawala bado. Wakati wa vita kuu ya pili Wajapani waliwafunga yeye na jamaa yake kambini. Mlishike neno hili, kwa maana Wajapani watarudi katika habari hii kwa namna nyingine. Vita ilipokwisha alipelekwa Ufaransa, akasoma elimu ya fizika, na mwaka 1959 akapata msaada wa masomo wa kwenda Amerika. Huko, karibu na mji wa New York, ilikuwako nyumba ya uchunguzi inayoitwa Lamont. Mkubwa wake alikuwa Maurice Ewing, mtu wa kazi nguvu, ambaye merikebu yake Vema ilizunguka bahari zote ikipima vina, joto, uzito na nguvu ya sumaku. Kijana Le Pichon alisafiri katika merikebu hiyo.

Siku zile wajuzi walikuwa na mabishano makubwa. Tangu mwaka 1912 Mjerumani Alfred Wegener alikuwa amesema kwamba mabara yanatembea, na kwamba Afrika na Amerika ya Kusini zilikuwa zimeshikamana zamani. Karibu wote walimcheka, kwa maana hakuweza kuonyesha nguvu gani inayosukuma bara zima. Mwaka 1962 Harry Hess, mwalimu wa universite ya Princeton, alileta jibu jipya. Katikati ya bahari kuna mgongo mrefu wa milima. Hess akasema kwamba mahali pale mawe ya moto yanapanda toka ndani ya dunia, yanapoa, yanakuwa sakafu mpya, na sakafu hiyo inakwenda upande huu na upande huu pole pole. Mwaka 1963 Waingereza wawili, Vine na Matthews, wakaongeza jambo la kupimia maneno hayo. Jiwe la moto likipoa linashika alama ya sumaku ya dunia. Na sumaku ya dunia imegeuka mara nyingi tangu zamani, kaskazini ikawa kusini. Basi, kama Hess anasema kweli, alama hizo zitakuwa kama mistari, na mistari ya kuume itafanana na mistari ya kushoto.

Huko Lamont hawakusadiki. Ewing hakupenda maneno hayo, na Le Pichon naye hakuyapenda. Mwaka 1965 yeye na mwenzake Heirtzler walichapa maandiko juu ya sumaku ya mgongo wa bahari ya Atlantiki, wakaonyesha kwamba vipimo vyao havipatani na fikara za Vine na Matthews. Kisha Le Pichon akaandika tezi yake kubwa ya udaktari kwa universite ya Strasbourg, na ndani yake alikataa kwamba sakafu ya bahari inapanuka. Hakuwa mjinga wala mvivu. Alikuwa na hesabu nyingi mkononi, naye alizisoma kwa akili. Wafratri wanaodhani kwamba kosa ni tunda la uvivu tu, wafikiri kidogo hapa.

Mwaka ule ule wa 1966 alipotetea tezi hiyo, mwenzake mmoja wa Lamont, Walter Pitman, alikuwa ametengeneza mchoro wa vipimo vya merikebu Eltanin, iliyokata mgongo wa bahari ya Pasifiki upande wa kusini. Ukiukunja mchoro ule katikati, kuume na kushoto vinalingana, kilima kwa kilima, bonde kwa bonde, mamia ya kilometa. Le Pichon aliutazama. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba jioni ile alirudi nyumbani akamwambia mke wake kwamba mwisho wa tezi yake ni uwongo, na Hess ndiye mwenye haki.

Angeweza kufanya nini? Angeweza kunyamaza miaka miwili mitatu, akangoja watu wasahau. Angeweza kutafuta kasoro katika mchoro wa mwenzake. Mtu akitaka kasoro, hazikosi. Hakufanya hivyo. Alikaa chini kuhesabu upya. Mwaka 1968 akachapa maandiko yaliyomjulisha dunia nzima: aligawanya gamba lote la dunia kwa mabamba sita makubwa, akahesabu mwendo wa kila bamba juu ya dunia hii ya mviringo. Ninyi mnaomjua padri ekonomo wa misioni mtafahamu kazi yake upesi. Ekonomo anaandika yaliyoingia na yaliyotoka, na mwishoni lazima yapatane. Dunia haiongezeki ukubwa. Basi kama sakafu mpya inazaliwa katikati ya bahari, sakafu ya zamani lazima ipotee mahali pengine kwa kadiri ile ile. Inapotea wapi? Katika mashimo marefu ya bahari, yale ya Japani, ya Tonga, ya Chile. Huko bamba moja linajipinda, linazama chini ya jingine, sentimita chache kila mwaka, na kurudi ndani ya dunia. Wajuzi wanaita jambo hili subduksioni. Le Pichon alihesabu upesi wa kila shimo katika kumeza.

Nasema kwa haki: hakuwa peke yake. Mwamerika Jason Morgan na Mwingereza Dan McKenzie walifika mahali pamoja naye, na mwaka 1990 wote watatu walipewa zawadi kubwa ya Japani. Tena hesabu ya mabamba sita ilikuwa fupi mno. Afrika nzima aliihesabu bamba moja, na sisi tunaokaa kando ya Tanganyika na Kivu tunajua vema kwamba inchi hapa inapasuka. Leo wajuzi wanatenga upande wa mashariki wa Afrika na kuuita bamba la Somalia.

Baada ya 1968 alirudi Ufaransa. Hakutaka kukaa na karatasi tu. Mwaka 1973 aliingia katika chombo Archimède akashuka kuona kwa macho yake bonde la katikati ya Atlantiki. Lakini mwaka huo huo moyo wake ulikuwa na taabu. Aliona kwamba kazi imemfumba macho, hata haoni tena wanaoteseka karibu naye. Alikwenda Calcutta kuwasaidia Ndugu Wamisionari wa Mapendo, akakaa kando ya mtoto aliyekuwa karibu kufa. Alitaka kuacha elimu kabisa. Hakuiacha, ila tangu 1976 yeye, mke wake na watoto wao sita walihamia kijiji cha Trosly-Breuil, wakakaa zaidi ya miaka ishirini katika jumuiya ya L'Arche pamoja na watu wenye ulemavu wa akili. Toka huko alikwenda Paris kufundisha, na tangu 1986 alikuwa profesa wa Collège de France.

Sasa turudi kwa Wajapani. Mwaka 1984 na 1985 wajuzi wa Ufaransa na wa Japani waliunganisha kazi yao, wakaiita Kaiko. Mtoto yule wa kambini alikuwa sasa mmoja wa wakubwa wao. Kwanza merikebu Jean Charcot ilichora mashimo yote. Kisha chombo Nautile, chenye nafasi ya watu watatu, kilishuka karibu meta 6,000, mahali ambapo maji yanakandamiza kila sentimita ya mraba kwa uzito wa kilo 600 hivi. Waliona mlima mzima wa chini ya bahari uliopasuka, nusu yake ikianza kumezwa na shimo. Waliona pia jambo wasilolitafuta: makundi ya chaza weupe, katika giza kuu. Bamba likizama, matope yaliyo juu yake yanakamuliwa kama muhogo ulioloweshwa. Maji yanatoka na hewa ya metani, na vijidudu vinavyokaa ndani ya chaza vinapata chakula chao humo, pasipo jua.

Katika mambo haya Le Pichon alipata wazo alilolirudia mpaka uzee. Chini sana, penye joto, jiwe lina kasoro nyingi ndogo ndogo, na kwa sababu ya kasoro hizo linaweza kujinyosha bila kuvunjika. Juu, penye baridi, jiwe ni gumu. Linavumilia, linavumilia, kisha linavunjika kwa mara moja. Ndilo tetemeko. Katekista akiulizwa na Wakristu kama tetemeko ni kiboko cha Mungu, anaweza kuanza na jiwe hili.

Na matetemeko hayakuwa hesabu tu kwake. Tarehe 17 mwezi wa 8 mwaka 1999 mji wa Izmit katika Uturuki uliharibika, watu zaidi ya 17,000 wakafa. Le Pichon, mwenye miaka 62, alikwenda pamoja na wajuzi wa Kituruki kuchora ufa unaopita chini ya bahari ya Marmara, karibu kabisa na Istanbul. Mwaka 2001 walichapa njia yake. Ufa ule unangoja bado.

Tarehe 11 mwezi wa 3 mwaka 2011 shimo la Japani, lile lile lililoshukiwa na Nautile, liliruka kwa nguvu ya daraja 9. Bahari ilipanda inchi kavu, na watu zaidi ya 18,000 walikufa au kupotea. Vyombo vya Wajapani vilipopima chini ya bahari, vilikuta kwamba sakafu karibu na shimo imesogea zaidi ya meta 20 kwa siku moja.