Maji Yaliyo Karibu na Moto

Alfajiri ya tarehe 18 Aprili 1906 tetemeko la ardhi liliutikisa mji wa San Francisco, Marekani, na moto uliofuata ukawaka kwa siku tatu na kuteketeza majengo yapatayo 28,000. Husemwa kwamba mji ule uliungua kwa kukosa maji. Si kweli. Bwawa la Crystal Springs, kusini mwa mji, halikubomoka, na hata akiba zilizokuwa ndani ya mji hazikuwa tupu. Kilichovunjika ni mabomba: makubwa kwa mamia, ya kuingia majumbani kwa maelfu. Askari wa zimamoto walifungua haidranti moja baada ya nyingine, zikatoa matone. Lakini ile ya kona ya mitaa ya 20 na Church ilibaki na maji, na kwa maji hayo moto ulizuiwa usiendelee kuumeza mtaa wa Mission. Ndiyo maana nashikilia kwamba ukubwa wa akiba ya kuzimia moto haupimwi kwa lita peke yake. Hupimwa kwa dakika ambazo maji yatatoka pale pale moto unapowaka.

Wakazi wa mwanzo walilijua hilo. Baada ya mioto mikubwa ya miaka ya 1849 hadi 1851 walichimba mabirika chini ya barabara, lakini mabomba yalipoenea mabirika hayo yakapuuzwa. Baada ya 1906 wahandisi waliyarudia. Mfumo mpya, uliolipiwa kwa mkopo ulioidhinishwa mwaka 1908 na kukamilika mwaka 1913, ulikuwa na hifadhi ya Twin Peaks yenye lita zipatazo milioni 40, matangi mawili mlimani na pampu za kuvuta maji ya bahari, na pamoja na hayo yote mabirika chini ya njia panda, ambayo leo hutambulika kwa duara la matofali barabarani. Mengi hubeba lita 284,000, na hayakuunganishwa na bomba lolote. Pampu moja inayotoa lita 3,800 kwa dakika hulimaliza birika kwa dakika 75. Zikiwa mbili, muda huo hukatika nusu. Hesabu ya tangi la jengo ni hiyo hiyo: kiasi cha maji kwa dakika, mara muda wa kupambana. Kanuni za Marekani za vinyunyizio hudai dakika 30 kwa jengo la hatari ndogo kama ofisi, na hadi 120 pale penye hatari kubwa zaidi. Kilichohifadhiwa ndani ndicho kinachoamua.

Mpinzani atataja tetemeko la Oktoba 1989 mjini humo, ambapo tangi la Jones Street, mojawapo ya yale mawili ya mlimani, lilikauka huku mtaa wa Marina ukiwaka, hadi meli ya zimamoto Phoenix ilipoleta maji ya bahari. Basi tangi lina faida gani? Hoja hii ni nzito, ila inaniunga mkono. Tangi lile lilikauka kwa sababu lilifungamana na mabomba, nayo yalipopasuka yakalimwaga. Birika lisilofungamana na chochote haliwezi kumwagwa hivyo. Ni kweli kwamba dakika 75 hazitoshi kuzima mji unaowaka, lakini moto wa nyumba moja unaowahiwa ndani ya muda huo haufiki kuwa moto wa mji. Mwaka 2010 wapiga kura wa San Francisco waliidhinisha mkopo mwingine, na sehemu ya fedha hizo ikajenga mabirika mapya.