Friji ya bia na kibuyu cha muratina

Wadau, sanduku langu la kuchachishia bia limenifunza historia. Miaka ya 1870, Carl von Linde aliwaundia Wajerumani mashine ya kupoza, kwa kuwa laga huchacha kwenye baridi. Michoro mingi ya leo bado hufuata wazo hilo: friji kuukuu, sensa, swichi. Nikaiga. Lakini bia yangu si laga, yataka digrii 18 hadi 22, na Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari. Usiku chachu ikalala. Friji haikuwa na la kupoza!

Wazee Wakikuyu walikiweka kibuyu cha muratina, pombe ya asali, karibu na meko. Basi nikafunga balbu ya zamani ndani ya friji, ile inayochoma vidole. Programu huiwasha joto likishuka chini ya 18. Juzi asubuhi nilikuta povu limefika kwenye mfuniko.