Hasara Kabla ya Anguko: Mwekezaji Mdogo katika Soko la Hisa la Nairobi, 2006–2009

Ni desturi kulieleza anguko la Soko la Hisa la Nairobi kuwa mwangwi wa msukosuko wa fedha ulioanzia Marekani na kushika kasi Septemba 2008, benki ya Lehman Brothers ilipofilisika. Tarehe hazikubaliani na maelezo hayo. Fahirisi ya hisa 20 ilifika pointi 6,161 Januari 2007 na kufunga mwaka huo ikiwa karibu 5,445, wakati Lehman ingali imara. Mwisho wa 2008 ilikuwa karibu 3,521. Msukosuko wa nje uliongeza kasi ya mteremko ambao ulikuwa umekwisha kuanza. Insha hii inadai, zaidi ya hayo, kwamba kwa mwekezaji mdogo fahirisi ni kipimo hafifu cha hasara: sehemu kubwa ya hasara yake ilitokana na namna alivyoingizwa sokoni.

Aliingia akiwa na kumbukumbu ya KenGen. Mwaka 2006 hisa za kampuni hiyo ya umeme ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 11.90, na mara tu zilipoanza kununuliwa na kuuzwa sokoni bei ikapita mara tatu ya hiyo. Somo lililobaki vichwani halikuhusu gawio wala hesabu za kampuni. Lilikuwa fupi: nunua katika toleo la awali, uza mapema.

Serikali ilipotangaza kuuza asilimia 25 ya Safaricom, yaani hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, somo hilo lilikuwa tayari. Toleo lilifunguliwa 28 Machi 2008, mwezi mmoja tu baada ya mkataba wa maridhiano uliohitimisha ghasia za baada ya uchaguzi, likafungwa 23 Aprili. Wawekezaji waliopata hisa walizidi 800,000. Wanjiku wa siasa za Kenya, yaani mwananchi wa kawaida, hatimaye alikuwa mwanahisa, na wanasiasa hawakuchoka kumkumbusha.

Lakini maombi yalizidi mno hisa zilizokuwapo, na wengi walipewa sehemu tu ya walichoomba. Hapa ndipo hesabu inapopaswa kufanywa upya, kwa kuwa baadhi yao walikuwa wamekopa. Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu amekopa shilingi 80,000 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka na kuomba hisa 16,000. Anapewa hisa 4,000, zenye thamani ya shilingi 20,000. Shilingi 60,000 zinarejeshwa baada ya miezi miwili. Kwa miezi hiyo amelipia riba ya shilingi 2,000 juu ya mkopo wote. Kila hisa aliyonayo imemgharimu shilingi 5.50, bila kuhesabu ada ya dalali, na soko halijashuka hata senti moja. Hisa hizo zilipoorodheshwa 9 Juni 2008 zilipita shilingi 7. Mwisho wa mwaka zilikuwa chini ya 4.

Madalali nao ni sehemu ya historia hii, ingawa hutajwa kwa kupita. Francis Thuo & Partners ilianguka mwaka 2007; Nyaga Stockbrokers iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria Machi 2008, wiki chache kabla ya toleo la Safaricom, kukiwa na malalamiko ya wateja kwamba hisa zao ziliuzwa bila idhini. Mfuko wa kuwafidia wawekezaji ulikuwa na kikomo cha shilingi 50,000 kwa mtu. Kwa mteja wa dalali aliyeanguka, bei ya soko haikuwa na maana yoyote; hakuwa na hisa ya kushuka thamani.

Hali ya uchumi kwa jumla ilimfikia mwanahisa kupitia jikoni. Mwaka 2008 bei ya vyakula ilipanda sana, na ukuaji wa uchumi, uliokuwa takriban asilimia 7 mwaka uliotangulia, ukashuka chini ya asilimia 2. Mwenye mkopo wa kulipa na unga wa kununua hauzi hisa kwa sababu ameichambua kampuni. Anauza kwa sababu ni mwisho wa mwezi. Sikubaliani, kwa hiyo, na hoja kwamba waliouza walikosa subira au elimu ya uwekezaji. Elimu hiyo ingewaeleza wasubiri, isingewalipia karo.

Mwaka 2021 hisa ileile ilipita shilingi 40. Aliyeinunua kwa akiba isiyo na kazi nyingine na kuishika miaka 13 alipata zaidi ya mara nane ya fedha zake, bila kuhesabu gawio. Jirani yake, aliyenunua siku ileile na kwa bei ileile lakini kwa mkopo, huenda aliiuza mapema 2009 kwa takriban shilingi 3 na kuendelea kulipa deni. Katika fahirisi, wawili hao ni kitu kimoja.