Mkono, Sikio na Darasa la Kwanza

Jumapili iliyopita dada yangu alinipigia simu kutoka Morogoro. Hata salamu zilikuwa fupi. "Wewe mwandishi wa habari, hebu nisaidie. Januari nimpeleke mtoto la kwanza au abaki chekechea mwaka mmoja zaidi?"

Mpwa wangu anatimiza miaka sita Desemba. Herufi anazijua, kuhesabu anahesabu, ila mpaka leo analia akiachwa getini. Shemeji anataka aende kwa sababu watoto wa jirani wanakwenda. Dada anaogopa. Nikamwomba siku mbili.

Jioni nikamuuliza baba yeye alianza lini. Akacheka, akapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa na kushika sikio la kushoto. "Nilianza siku nilipolifikia hili."

Wasomaji wengi mtakuwa mmesikia habari za kipimo hicho. Watu wengi hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, kwa hiyo mwalimu alitazama mwili. Mtoto mdogo ana kichwa kikubwa na mikono mifupi, na kadiri anavyokua mikono inarefuka. Mara ya kwanza vidole vya baba viliishia juu ya sikio, akarudishwa nyumbani. Hakuna aliyemuuliza kama anajua kuhesabu.

Nikaanza kuchimba. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyezaliwa 1922, aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka kama kumi na miwili. Masomo ya miaka minne akayamaliza kwa mitatu. Lakini tusidanganyane: hakucheleweshwa ili akomae. Shule zilikuwa chache na mbali, na wenzake wengi hawakuiona kabisa.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu alitaka umri wa kuanza shule upandishwe. Wapo waliokuwa wakianza na miaka mitano au sita, wakamaliza la saba wakiwa bado watoto. Wachache tu walipata nafasi ya sekondari. Waliobaki walirudi kijijini wakiwa wadogo mno kwa jembe la mtu mzima. Akaona heri waanze wakubwa kidogo, wajifunze haraka na wamalize wakiwa na nguvu.

Novemba 1974, kule Musoma, TANU ikaamua watoto wote wapate elimu ya msingi ifikapo 1977. Sheria ya Elimu ya 1978 ikaweka lazima ya kuandikishwa shule kuanzia miaka saba. Miaka saba ikakaa vichwani mwetu kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni! Sera ya 1995 ikaitambua elimu ya awali kwa watoto wa miaka mitano na sita. Ada ya shule za msingi ilipofutwa na MMEM kuanza 2002, madarasa yakafurika, wakubwa kwa wadogo. Sasa Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, inataka mwaka mmoja wa awali, sita ya msingi na minne ya sekondari kuwa ya lazima.

Ukiyapanga yote hayo unaona jambo moja. Kila umri ulikuwa jibu la swali la nchi: madawati yako mangapi, nani atalima, nani ataendelea. Swali la 1967 lilikuwa la maana kweli, lakini mpwa wangu akimaliza msingi anatakiwa kuingia kidato cha kwanza, si kushika jembe. Sababu ile kubwa ya kusubiri imeondoka. Linabaki swali ambalo mkono na sikio havikuweza kulijibu: mtoto huyu, katika darasa hili, ataweza?

Nilimwuliza baba alipoteza nini mwaka ule. Akanyamaza kidogo. "Nilichunga mbuzi. Masomo niliyafidia. Ila rafiki zangu walinitangulia, na hawakunisubiri."

Nikampigia dada. Nikamwambia aende shule ile saa za masomo, ahesabu watoto la kwanza wako wangapi kwa mwalimu mmoja, aulize mtoto anayelia hufanywaje. Akikuta darasa limejaa na hakuna wa kumshika mkono, asubiri, na wala asione aibu kwa jirani. Lakini mwaka huo uwe na kazi: michezo, hadithi, kuzoea kuachwa. Akikuta mwalimu mwenye nafasi na subira, ampeleke. Kilio cha getini huisha.

"Kwa hiyo hujanijibu," akasema.

Kweli, sikumjibu. Amesema atakwenda Jumatatu. Nanyi wenzangu, ninyi mlianza na miaka mingapi, na nani aliamua?