Hela ya ukame: kabla ng'ombe hajafa ama baada?

Najua nimepotea wiki mbili, msinihukumu. Ni insha ya historia ilinimeza. Tuliambiwa tuandike kuhusu serikali na wafugaji, mimi nikakwama kwenye ukame wa 2009, na wa kulaumiwa ni mwenzangu wa chumba. Jamaa ni wa Marsabit. Karo yake inalipwa na mbuzi, na hapo sitanii.

Mwaka huo serikali ilitoa hela kiwanda cha nyama cha Kenya Meat Commission, kule Athi River, kinunue ng'ombe waliodhoofika. Wazo zuri: mfugaji apate chochote, nyama isipotee. Lakini Athi River ni mbali bana, na mnyama aliyekonda hatembei. Foleni ikawa ndefu, wengine wakafia pale langoni. Hela ilikuwepo. Ng'ombe ndiye hakuwepo.

Januari 2010 ikaja bima ya mifugo, ikaanzia Marsabit. Hakuna mtu wa kuja kuhesabu mizoga. Setilaiti inaangalia majani yamekauka kiasi gani, hesabu inapigwa. Ila mwanzoni bima ililipa pale hesabu ilipoonyesha vifo vimepita asilimia 15! Yaani afe kwanza. Nilipomsomea mwenzangu akacheka, "Sasa mzoga utaununulia nyasi?" Baadaye wakabadilisha, ikawa inalipa malisho yakiisha, mnyama akiwa bado hai, ndio mtu anunue chakula, maji na dawa. Kwangu hayo ndiyo mabadiliko makubwa kuliko hata hiyo setilaiti, na vitabu vinayapita mbio.

Serikali nayo iliingia 2015, ikaanza na Turkana na Wajir. Ilimlipia mfugaji maskini ada ya bima ya ng'ombe 5, ama mbuzi wanaolingana nao. Februari 2017 zikatoka shilingi milioni 214 kwa familia zaidi ya 12,000. Nimepiga hesabu kwa simu: ni kama 18,000 kwa kila familia. Si haba... lakini jamaa akauliza, "Na wa sita?" Sikuwa na jibu. Pia setilaiti inapima eneo zima kwa pamoja. Mvua ikinyesha kwa jirani na kwako ikakosa, pole yako.

Halafu ukaja ule wa 2020 hadi 2023, misimu 5 ya mvua ikakosa mfululizo. Mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa Kenya. Mzee wake aliuza mbuzi 4 kwa bei ya kutupa ndio yeye arudi shule. Wiki iliyofuata bei ikashuka tena, kwa hivyo nyumbani wanamwita mzee mjanja hadi leo.

Insha ni Ijumaa. Nina kurasa 4, zinatakiwa 10. Hapo kwa "wa sita" nimeacha nafasi, mwenye jibu aniandikie hapo chini.